Kasoro za Mabati na Majina Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mteja anayerudi dukani na kusema kwamba bati lake "limeoza" hajasema jambo litakalomsaidia. Bati huweza kuharibika likiwa bado chuma kitupu, likiwa ndani ya beseni la zinki iliyoyeyushwa, likiwa kwenye mtambo wa rangi, likiwa melini au stoo, au likiwa tayari juu ya kenchi, na kila hatua kati ya hizo ina mtu wake wa kuwajibika. Jina sahihi la kasoro huonyesha mahali ilipozaliwa. Majina yaliyotumiwa hapa chini mengine ni ya kila siku viwandani na madukani. Mengine ni maelezo ya wazi yaliyochaguliwa pale ambapo mafundi wengi wamezoea kutumia Kiingereza.

Je, bati la kuezekea limetengenezwa kwa bati?

Hapana, na hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza huanzia. Katika kemia, bati ni metali inayojitegemea, ile inayopakwa ndani ya makopo ya maziwa na nyanya ili chuma kisigusane na chakula. Bati la paa ni chuma chembamba kilichofunikwa kwa zinki, au kwa mchanganyiko wa alumini na zinki, na huenda lisiwe na hata chembe ya ile metali yenye jina hilo. Lugha imeshaamua, hakuna haja ya kuipinga. Lakini anayesoma cheti cha kiwanda akute neno zinki asidhani amepewa kitu kingine.

Slabu, bamba, koili na bati hutofautiana vipi?

Ni chuma kilekile katika umri tofauti. Slabu ni tofali kubwa la chuma, aghalabu lenye unene wa milimita 200 hadi 250, linalopashwa moto hadi karibu nyuzijoto 1,200 za Selsiasi na kupitishwa kati ya rola nzito mara nyingi hadi libaki ukanda wa milimita chache. Ukanda huo ukiviringishwa huitwa koili. Ukikatwa ukiwa bado mnene huwa bamba, kama yale ya kutengenezea matangi. Koili itakayogeuzwa kuwa mabati husafishwa, kisha hubanwa tena kwenye rola bila kupashwa moto hadi unene uwe robo au theluthi ya milimita. Sehemu kubwa ya koili zilizobanwa kwa moto zinazotumika Afrika Mashariki huingia kwa meli. Hatua za kubana kwa baridi, kufunika kwa metali na kupaka rangi ndizo zinazofanyika hapa, kwa mfano katika kiwanda cha Mabati Rolling Mills kilichoko Mariakani, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.

Magamba ni nini, na yanahusianaje na kasoro ninazoziona juu ya paa?

Chuma chenye moto mkali kikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksaidi ya rangi ya buluu iliyokoza au nyeusi. Hayo ndiyo magamba, na kila aliyewahi kusimama karibu na fuawe la mhunzi ameyaona yakiruka chini. Kiwandani huondolewa kwa kuipitisha koili kwenye tindikali ya haidrokloriki na kuisuuza. Magamba yasipotoka yote, rola huyakandamiza ndani ya chuma, na baadaye huonekana kama michirizi mifupi myeusi au vishimo vilivyopangana kuelekea upande ambao koili ilikuwa ikienda. Kasoro ya aina hii haiwezi kusababishwa na mwenye duka wala fundi paa. Ndivyo ilivyo pia kwa kibanzi, yaani kipande chembamba cha chuma kilichoshika upande mmoja na kuinuka upande mwingine, ambacho mara nyingi chanzo chake ni uchafu ulionaswa ndani ya slabu chuma kilipokuwa kikimiminwa kwenye kalibu.

Kwa nini bati jembamba linaweza kuwa gumu kuliko lililo nene?

Chuma kikibanwa baridi hukakamaa. Kikiachwa hivyo hivyo huwa kigumu, chenye kurudi kama springi kikipindwa. Kikipashwa tena moto hadi karibu nyuzijoto 700 hulainika na hukubali kukunjwa mara mbili bila kupasuka. Mabati mengi membamba ya migongo huuzwa yakiwa na ugumu wa daraja linaloandikwa G550, yaani chuma kinachohimili mvuto wa megapaskali 550 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi. Ugumu huo humwezesha fundi kutembea juu ya bati la unene mdogo bila kuliacha na mabonde. Lakini bati hilohilo akipewa fundi wa ndoo na akataka kulikunja pindo, litapasuka kwenye mkunjo, naye atalalamika kwamba chuma ni kibovu. Si kibovu, ameuziwa chuma cha kazi nyingine.

Geji 28 ni milimita ngapi?

Swali hili halina jibu moja, na wafanyabiashara wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri sana. Geji ni namba ya jedwali, na majedwali yako zaidi ya moja. Kwa jedwali la waya la Uingereza, geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni milimita 0.315 na geji 32 ni milimita 0.274. Kwa jedwali la Marekani la mabati ya zinki, geji 28 ni karibu milimita 0.47 na geji 30 ni karibu milimita 0.40. Bati la milimita 0.40 kwa hiyo ni geji 30 kwa mmoja, na kwa mwingine ni nene kuliko geji 28. Zaidi ya hapo, wengine hupima chuma kitupu na wengine hupima pamoja na zinki na rangi.

Ushauri wetu ni kuacha geji na kuuliza milimita, kisha kuzipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, mbali na ukingo na mahali pasipo na mkunjo. Asiye na maikromita atumie mizani. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Bati la urefu wa mita 3, lililokuwa na upana wa milimita 914, yaani futi 3, kabla ya kukunjwa migongo, likiwa la milimita 0.30 litakuwa na kilo 6 na nusu hivi. Likiwa la milimita 0.25 halitafika kilo 5 na nusu. Tofauti ya kilo nzima kwa kila bati haifichiki, hasa ukiweka kumi kwa pamoja juu ya mizani ya magunia.

Z275 na AZ150 maana yake ni nini?

Herufi hutaja kilichofunika chuma, na namba hutaja gramu kwa kila mita ya mraba, zikihesabiwa za pande zote mbili kwa jumla. Z ni zinki. AZ ni mchanganyiko ambao kwa uzito una alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6, uliotengenezwa na kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani na kuingia sokoni mwaka 1972; huku kwetu wengi huuita aluzinki. Usilinganishe namba hizo bila kufikiri. Zinki ni nzito, alumini ni nyepesi, kwa hiyo Z275 na AZ150 zote huacha tabaka la unene wa karibu maikroni 20 kila upande (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bati la Z100 lina maikroni 7 tu kila upande, na kwa mtu anayejenga Bagamoyo au Kilifi mahali anaposikia mawimbi, hiyo ni akiba ndogo mno.

Maua yanayong'aa juu ya bati ni dalili ya ubora?

Si dalili ya ubora wala ubovu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419.5, na koili hupita katika beseni lake likiwa na nyuzijoto karibu 450 hadi 460. Inapotoka na kupoa, zinki huganda kwa fuwele zinazotawanyika kama maua. Ukubwa wa maua hutegemea kasi ya kupoa na viungo vidogo vilivyomo ndani ya beseni, hasa metali ya risasi ambayo zamani iliachwa iwepo na siku hizi huepukwa. Ndiyo maana wazee hukumbuka mabati ya maua makubwa kama kiganja na kusema ya leo ni bandia. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini ukanda mmoja una maua makubwa na jirani yake hauna, kwa sababu hapo huenda unene wa zinki au kasi ya kupoa ilitofautiana.

Vipara ni kasoro ya namna gani?

Kipara ni doa ambapo zinki haikushika kabisa na chuma kimebaki wazi. Ukubwa wake huanzia kitundu cha ncha ya sindano hadi kucha ya kidole gumba. Zinki haishiki juu ya mafuta, wala juu ya oksaidi, wala juu ya masalia ya sabuni ya kuoshea. Kwa hiyo kipara humaanisha kwamba chuma kiliingia kwenye beseni kikiwa kichafu, au kwamba hewa ilipenya katika tanuri, ambalo hujazwa naitrojeni na haidrojeni ili chuma kisishike kutu dakika za mwisho. Hii ni kasoro ya kiwanda, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa chache ambazo mnunuzi hapaswi kukubali punguzo la bei badala ya bati lingine. Zinki iliyo jirani hujitoa mhanga kulinda kitundu kidogo, lakini kipara cha sentimita moja haiwezi.

Na zile chembe ngumu zinazokwaruza kidole?

Hayo ni mavi ya zinki, ndugu wa mavi ya chuma anayoyajua mhunzi. Ndani ya beseni, chuma kidogo huyeyuka kutoka kwenye koili na kuungana na zinki na alumini kuwa chembe ngumu; zikibebwa na koili, huganda juu yake kama vipele. Vipele vichache vidogo ni suala la sura tu kwa bati lisilo la rangi. Bati likipakwa rangi mambo hubadilika, kwa sababu tabaka la rangi ni jembamba kuliko kipele chenyewe, na kilele chake hubaki karibu uchi.

Koili ikitoka kwenye beseni hupita kati ya visu vya hewa, ambavyo ni mikondo miembamba yenye nguvu inayokwangua zinki iliyozidi. Visu hivyo vikielekezwa vibaya, kingo hubeba zinki nyingi kuliko katikati, na koili ikiviringishwa hujenga matuta pembeni. Vikitetemeka, uso wa bati huwa na mawimbi madogo unayoyaona ukilitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga.

Zinki ikibanduka kama maganda ninapokunja bati, shida ni nini?

Tabaka limekosa mshiko. Beseni la zinki huwekewa alumini kidogo sana, karibu asilimia 0.15 hadi 0.2, nayo hukimbilia kwenye uso wa chuma na kuzuia chuma na zinki visijenge kati yao tabaka nene lililo kavu na jepesi kuvunjika. Kiasi hicho kikipungua, bati hutoka likiwa zuri kwa macho lakini hupukutika kwenye mkunjo wa kwanza. Kipimo chake ni rahisi: kunja kipande hadi pande zake zigusane, bandika selotepu juu ya mkunjo, ibandue, uitazame. Kumbuka tu kutofautisha zinki iliyobanduka na chuma kigumu kilichopasuka, ambacho tumekieleza juu.

Kutu nyeupe ni nini, na nani alaumiwe?

Hili ndilo swali linaloletwa zaidi, na ndilo lenye ugomvi mwingi, kwa sababu bati linaweza kutoka kiwandani likiwa safi na kumfikia mnunuzi likiwa limeshika unga mweupe kama magadi ilhali hakuna aliyeligusa.

Zinki ikiwa kwenye hewa wazi hujijengea ngozi ya kaboneti inayoilinda, kwa kutumia kabonidayoksaidi. Mabati yakiwa yamelaliana, maji yakinaswa kati ya moja na jingine, hewa haifiki humo; zinki huendelea kugeuka haidroksaidi tu, laini, isiyolinda chochote. Chumvi ikiwepo, kazi huenda mbio. Maji hayo si lazima yawe ya mvua. Lori likipakiwa Nairobi jioni ya baridi na kufika Mombasa alfajiri, chuma huwa bado baridi na hewa ya pwani imejaa unyevu. Umande huganda juu ya mabati hata chini ya turubai lisilo na tundu, na turubai hilo ndilo linalozuia umande usikauke. Tuliwahi kufungua rundo la namna hiyo katika stoo moja ya pwani: bati la juu lilikuwa jipya kabisa, la pili pia, na kuanzia la tatu kila moja lilikuwa na ramani nyeupe inayolingana na ya jirani yake, kama karatasi mbili zilizogandamizwa wino. Kulingana huko kwa madoa ndiko kunakoitambulisha kutu nyeupe. Kasoro ya kwenye beseni haina sababu ya kulingana na bati lililo juu yake.

Viwanda hupaka kemikali au mafuta mepesi ya kuchelewesha hali hii, na muuzaji anaweza kuulizwa kama ilifanyika. Ikiwa ilifanyika, lawama humrudia aliyehifadhi. Mabati yawekwe juu ya mbao, yakiwa yameinamishwa ili maji yateremke, chini ya paa na si turubai peke yake, na rundo lililolowa litenganishwe bati kwa bati siku hiyohiyo. Unga ukiwa mwembamba, uondoe kwa brashi ya nailoni. Huonekana mwingi kuliko zinki iliyopotea. Chini yake kukiwa na rangi ya kijivu iliyokoza au nyeusi, zinki imeliwa sana. Pakiwa na wekundu, imekwisha.

Aluzinki hupata kutu nyeupe pia?

Hupata madoa meusi zaidi kuliko meupe, kwa sababu karibu asilimia 80 ya ujazo wa tabaka lake ni alumini. Dawa ni ileile ya kuhifadhi pakavu. Adui wake mkubwa zaidi ni saruji mbichi: alumini haivumilii alikali, na lipu iliyodondoka juu ya bati na kuachwa ikauke hula tabaka lote chini yake. Maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba la shaba la kiyoyozi huharibu zinki na aluzinki vilevile, na mbao mbichi zilizotiwa dawa ya kijani yenye shaba hufanya hivyohivyo zinapolowa zikiwa zimegusana na bati. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo kasoro ya kiwanda.

Bati limekuja likiwa na mawimbi. Je, lilipondwa njiani?

Angalia mawimbi yako wapi. Yakiwa kwenye kingo na katikati kumenyooka, rola zilibana kingo kupita kiasi hadi zikawa ndefu kuliko katikati. Yakiwa katikati tu kama tumbo lililovimba, ni kinyume chake. Bati zima likipinda upande kama upinde huku likiwa limelala sakafuni, koili haikubanwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na paa lake halitanyooka hata fundi awe hodari kiasi gani. Athari za njiani hazina mpangilio: kona iliyokunjika, bonde moja, alama ya mnyororo.

Kasoro za rangi hutambuliwaje?

Bati la rangi lina zinki au aluzinki, kisha dawa ya kushikisha, kisha praima ya maikroni 5 hivi, kisha rangi yenyewe ya maikroni 20 hivi, nayo huokwa hadi chuma kifike nyuzijoto 220 hadi 240. Kila kasoro ina saa yake.

Malengelenge madogo yaliyosambaa sawasawa, yanayoonekana siku ya kwanza, ni ya tanuri: joto lilipanda haraka, uso ukakauka kabla kiyeyushi hakijatoka, kikatoka kwa kupasua. Malengelenge yanayojitokeza baada ya miezi, makubwa, yakianzia kwenye mkwaruzo au ukingo, ni maji na kutu vinavyosukuma rangi kutoka chini. Jicho la samaki ni kidimbwi cha duara ambapo rangi imekimbia na kuacha kitovu. Chanzo chake ni mafuta au silikoni, hata kiasi kidogo mno. Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa ni wa rangi nzito au rola isiyorekebishwa, na ni suala la sura zaidi kuliko uhai wa bati.

Kupauka na kutoa chaki huchanganywa sana. Pitisha kitambaa cheusi juu ya bati: kikitoka na unga, gundi ya rangi imeliwa na jua na chembe za rangi zimebaki huru, kikitoka kisafi ilhali rangi imefifia, chembe zenyewe ndizo zimeshindwa na jua. Paa likiwa na mabaka mawili ya rangi tofauti tangu siku lilipoezekwa, mara nyingi mabati yametoka katika mapishi mawili, yaani rangi iliyochanganywa kwa mikupuo tofauti, au rangi yenye chembe za kung'aa imeezekwa mengine yakielekea juu na mengine chini.

Bati la rangi limepata vidoa vyekundu usiku mmoja baada ya mvua. Rangi ni mbovu?

Kabla ya kupiga simu, uliza kama fundi alikata mabati kwa grainda akiwa juu ya paa. Cheche zake ni vipande vya chuma cha moto vinavyojichoma ndani ya rangi, na mvua ya kwanza huvigeuza kutu. Ukivitazama kwa karibu utaona kila kidoa kina punje katikati na vimekusanyika upande ambao mashine ilikuwa ikitema. Mkasi wa bati hauna tatizo hilo, na ukingo uliokatwa nao hulindwa na zinki iliyo pembeni kwa kuwa chuma ni chembamba. Wekundu hafifu kwenye ukingo, usiosogea ndani, ni wa kawaida.

Niandike nini katika malalamiko?

Andika namba ya koili au ya mapishi iliyochapwa nyuma ya bati au kwenye lebo ya rundo, unene uliopima wewe mwenyewe, tarehe ya kupokea, mahali mabati yalipowekwa na kwa siku ngapi. Eleza kasoro kwa umbo, ukubwa na mpangilio: inajirudia kila baada ya umbali uleule au la? Alama inayojirudia kwa umbali ulio sawa hutokana na rola yenye jeraha, na umbali huo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo cha rola husika, jambo ambalo mkaguzi wa kiwanda hawezi kulipuuza. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni, na uweke rula kando ya kasoro. Usilisafishe bati, na usiendelee kuezeka: kiwanda kikikuta mabati yenye kasoro iliyoonekana wazi yameshapigiwa misumari, kwa kawaida huhesabu kwamba umeyakubali.